Upepo Haumngoji Mgeni Rasmi

Rafiki yangu, wewe ambaye grisi ya karakana bado ni mpya mikononi mwako, vuta kiti ukae. Nataka kukuambia jambo ambalo wale waliokuja na kamera sikuwaambia. Wewe nakuamini kwa sababu moja tu: bado hujapata cheo. Mtu akipata cheo, masikio yake yanahama.

Mimi nimestaafu. Watu hucheka nikisema hivyo, kwa sababu niko na miaka arobaini na kitu na nywele bado ni nyeusi. Sawa basi, nimestaafishwa. Siku hizi niko na cherehani yangu hapa sokoni Lodwar, nashona yunifomu za shule, na mteja akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani zamani, nikimwambia "kurusha roketi" ananiangalia kama nimekunywa kitu.

Lakini ni kweli. Sisemi zile roketi za vita. Hizi ni za wanafunzi: bomba la alumini refu kuliko mimi, pua ya plastiki, mapezi manne chini kama ya samaki, na parachuti imekunjwa ndani. Inaenda juu, inapima joto na upepo, halafu inatakiwa kushuka polepole na parachuti. Chuo chetu cha ufundi kilikuwa kinazijenga na wanafunzi wa hapa Lodwar pamoja na wengine wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Na mimi, Mama Ekiru, niliyeingia hicho chuo na ufagio, ndiye nilikuwa nashika ufunguo.

Ufagio ndio ulinifikisha. Mchana nilifagia karakana, jioni niliingia ngumbaru kwenye darasa lile lile nililolifagia, nakaa na kina mama wengine na wazee wawili, tunasoma hesabu huku watoto wamelala mgongoni. Nilipofanya mtihani nikapita, nikapewa kazi ya stoo. Kutoka stoo ndipo Mzee Lokol, aliyekuwa anasimamia kurusha, akanichukua.

Mzee Lokol zamani alikuwa anapasua mawe na baruti, barabara zikitengenezwa. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Wanafunzi wapya lazima waulize.

"Mzee, hivyo vingine viko wapi?"

"Viliharakishwa na injinia."

Huyo mzee alinifundisha vitu vichache na akavirudia mpaka nikachoka. Roketi hairuki mpaka ufunguo uingie kwenye kiboksi cha swichi. Bila ufunguo, waya zimekufa, bonyeza mpaka kesho. Ufunguo unakaa na mtu mmoja. Na huyo mtu, aliniambia hivi, asiwe mtu anayetaka sana iruke. "Anayetaka sana hana macho," alisema. Kwa hivyo akanipa mimi, kwa sababu, alisema, mimi nataka tu kurudi nyumbani kupika. Niliufunga kwenye rozari yangu nikauvaa shingoni. Sikuwahi kuutoa kazini hata siku moja, hata nikienda chooni.

Sikiza na hii, maana itakusaidia. Roketi ikikataa kuwaka, usiiendee. Kijana anataka kukimbia kuangalia waya, kila mara, kila kijana. Toa ufunguo kwanza, halafu ngoja. Mzee Lokol alikuwa anavuta sigara moja mpaka iishe. Mimi sivuti, kwa hivyo nilikuwa nasali fungu moja la rozari, zile Salamu Maria zote kumi, bila kukimbiza. Wanafunzi walikuwa wananiambia, "Mathe, sali ya short." Nikasali hiyo ndefu. Vidole vyangu ni hivi hapa, hesabu.

Na upepo. Hapa ndipo watu wote wanakosea, hata wewe utakosea. Unafikiri upepo ukitoka huku utaisukuma roketi iende kule. Hapana. Parachuti ndiyo inasukumwa. Roketi yenyewe ikiwa inapanda, upepo unashika yale mapezi ya nyuma, basi pua inageuka kule kule upepo unakotoka. Inaenda kuutafuta, kama mbwa anayenusa. Sisi tulijifunza hiyo kule Kalemng'orok, tukijaribu karoketi kadogo nyuma ya uwanja wa shule. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kanisa. Tulisema vizuri, itaenda mbali na kanisa. Ikaruka, ikageuka, ikaenda ikatoboa tangi la maji la padri. Mimi nilitaka ardhi inimeze, maana ndiye padri aliyenibatizia watoto. Akatoka nje, akaangalia yale maji yanamwagika, akaniambia, "Mama Ekiru, mwezi mzima tumemwomba Mungu afungue mbingu. Nyinyi mmeona ni mbali, mkafungua tangi."

Tangu siku hiyo tulikuwa tunasimamisha mti na kitambaa, kipande cha shuka nyekundu. Kikining'inia, tunarusha. Kikinyooka kama ubao, ufunguo unalala. Kifaa cha kupima upepo tulikuwa nacho, lakini vumbi la huku lilikimaliza mapema. Kitambaa hakimalizwi na vumbi.

Sasa nikwambie juu ya Ayen.

Ayen ni msichana wa Sudan Kusini, aliletwa Kakuma akiwa mtoto wa kubebwa. Mrefu, mpole, mkaidi. Parachuti ya ile roketi kubwa aliishona na kuikunja yeye, na mapezi aliyapima yeye. Kukunja parachuti si mchezo. Ukikunja ovyo inashuka kama kamba iliyosokotwa, na roketi inajizika kwenye mchanga. Ayen alikuwa anapaka poda ya mtoto kwenye kitambaa ili kisishikane, anakunja, anakunjua, anakunja tena. Wenzake wakimwita kula anasema, "Khalas, basi, namaliza sasa," na hamalizi.

Kulikuwa na mkubwa mmoja wa Nairobi, jina lake nalimeza, aliyekuwa na karakana kubwa huko na masomo ya bure. Alituahidi mapema kabisa: wanafunzi wanne watakaokuwa kwenye kiboksi roketi ikiruka mbele yake, hao atawachukua wakasome. Mkuu wa chuo akapanga wanne. Ayen akiwa wa kubonyeza swichi.

Kwa mtoto wa Lodwar, hiyo ilikuwa bahati nzuri. Kwa Ayen ulikuwa mlango, na haukuwa na mwenzake. Mtu wa kambi hatoki kambini hivi hivi. Lazima apewe ruhusa. Ruhusa yake ilikuwa ya siku ile tu ya kurusha. Kabla jua halijatua awe amerudi Kakuma. Tulijua sote. Mkuu alijua. Huyo mkubwa, mgeni wetu rasmi, alijua, aliambiwa.

Tulitoka mapema tukaenda kwenye ule uwanda ulio upande wa Kakuma, karibu na laga, huo mto wetu wa mchanga, ambapo wanawake wanachimba visima. Mimi jambo la kwanza nilienda kuongea na hao wanawake. Pale kisima kina zamu, na zamu ya mbuzi ni jua likiwa juu.

"Ejok," nikawasalimia.

"Ejok noi. Nyinyi ndio watu wa kile kichuma?"

Nikawaomba wakae mbali mpaka tumalize. Mama mmoja aliyekuwa ndani ya kisima mpaka mabegani akaniangalia, akasema, "Tutangoja asubuhi. Lakini mbuzi hawana saa ya ofisi. Kiu ikiwashika watakuja hata ukiwatusi."

Niliporudi, kitambaa kilikuwa kinaning'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Asubuhi nzuri, sijawahi kuona kama hiyo. Ayen akacheka, akaniambia, "Mama, ona, hata nzi hasukumwi." Roketi ilikuwa imesimama kwenye reli yake. Kila kitu tayari.

Mgeni rasmi hakuwa amefika.

Nikamwendea mkuu wa chuo. "Mwalimu, turushe sasa. Ahadi ni mbele yake, najua, basi mpigie simu aje sasa hivi. Huu upepo nautambua, jua likipanda utaamka."

"Anakunywa chai hotelini."

"Aje na kikombe."

"Mama Ekiru, unataka nifukuzwe? Kurusha kabla ya mgeni rasmi ni kama kukata keki bwana harusi bado anavaa."

Basi tukangoja. Unajua vile tunangoja sisi watu wa nchi hii. Hema limewekwa, viti vya plastiki vimefungwa utepe, wachezaji wa ngoma wanaimba kidogo wanakaa, wanaimba kidogo wanakaa, maji ya chupa yanapata moto. Hilo hema nalo niliomba lihamishwe, maana lilikuwa upande upepo unakotokea. Wakaniambia huko ndiko vumbi halitammwagikia mgeni, na milima inaonekana vizuri nyuma kwa picha.

Jua likapanda. Kitambaa kikaanza kucheza. Kikainuka kidogo kikaanguka, kama mtu anayeota ndoto. Ayen hakuwa anacheka tena. Halafu nikaona vumbi kwenye barabara, nikasema ni mgeni, kumbe ni mbuzi, wanashuka kwenye laga, na watoto wa kuchunga nyuma yao.

Mgeni alipofika, kitambaa kilikuwa kimenyooka kama ubao.

Na hata hapo hatukuanza. Ilikuwa sala, ngoma, utambulisho, salamu za fulani na salamu za fulani. Aliposimama yeye, upepo ulikuwa unampokonya maneno mdomoni. "Haya vijana," akasema, "twende hewani!" Watu wakapiga makofi.

Wale wanne wakaja kwenye kiboksi. Mkuu akaja karibu yangu, akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Ufunguo, Mama Ekiru."

"Kitambaa kimenyooka, mwalimu."

"Mgeni anangoja."

"Hata sisi tulimngoja."

Wachezaji wa ngoma wakacheka, na hiyo ilikuwa mbaya, maana mtu mkubwa akichekwa anataka kushinda. Akaja mgeni mwenyewe. Akaniambia kwa upole, vile mtu anaongea na mtoto, "Mama, upepo unatoka kwetu unaenda huko. Itaenda huko tu."

"Hapana, mheshimiwa. Itageuka ije kwako. Parachuti ndiyo itaenda huko, kwa mbuzi na watoto."

"Lakini hata ndege zinaruka na upepo."

"Ndege ina rubani. Hii ikitoka kwenye reli haina mtu wa kuishika isipokuwa Mungu, na mimi Mungu simjaribu."

Alicheka. Lakini nilimwona aliporudi, alisogeza kiti chake nyuma.

Vijana walianza kelele. "Mathe, wacha iende!" "Mathe, unatuharibia siku!" Mmoja akasema huyu mama wa ufagio amepewa ufunguo akafikiri amepewa nchi. Nilikuwa nashika rozari kwa mkono wote.

Halafu Ayen akaja. Hakupiga kelele. Alisimama mbele yangu, karibu kabisa, akaongea chini.

"Mama, kesho mimi siko."

"Najua, mwanangu."

"Si unajua? Leo jioni narudi. Wao watarusha kesho, mimi nitakuwa kule nasikia kwa simu. Mara moja tu, Mama. Pengine itaenda vizuri."

Pengine. Na mimi nikwambie ukweli, pengine ingeenda vizuri. Sijui mpaka leo. Pengine ingepanda wima na kushuka mahali hakuna mtu, na huyo msichana angekuwa mtu mwingine sasa. Nyuma yake nilikuwa naona yule mama wa kisima, amekwisha toka, amekaa kwenye ukingo, na watoto wanamwaga maji kwenye karai la mbuzi.

"Hapana," nikasema.

Akaangalia shingo yangu, pale ufunguo ulipo. Akasema, "Wewe una ufunguo. Kambi ina ufunguo. Mgeni ana ufunguo. Mimi tu ndiye sina." Akaondoka.

Mimi nikamwendea yule mkubwa chini ya hema. Nilipiga magoti, sina aibu kusema, mbele ya wale watu wote. Nikamwambia ofisi zinamsikia, apige simu moja tu, msichana aongezewe siku moja, alale kwangu, nitamlaza na mabinti zangu. Akaniinua kwa mkono. "Mama, hiyo ni ofisi nyingine kabisa. Mimi siingilii." Nikamwambia basi amwandike tu, kazi ni yake, kila mtu hapa anajua. "Nilisema watakaokuwa kwenye kiboksi. Nikibadilisha kwa mmoja, wengine watasemaje?" Mkuu wa chuo alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakati huo huo kamba moja ya hema ikakatika, turubai likapiga watu kichwani, wakakimbia huku na huku. Unafikiri walisema Mama Ekiru ameona vizuri juu ya upepo? Walisema kamba ilikuwa mbovu.

Hii ndiyo sumu ya kazi ya usalama, rafiki yangu, uijue mapema. Ajali ikitokea, mashahidi ni wengi. Ajali ambayo hukuiacha itokee haina shahidi hata mmoja. Hakuna mtu atakuja kwako kusema asante, mtoto wangu hakuchomwa leo. Watakachokumbuka ni kwamba ulikataa.

Gari la kurudisha watu wa Kakuma lilikuwa linanguruma tayari. Nikamtafuta Ayen nimpe hata maji. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha gari, ameitoa parachuti kwenye roketi, ameitandaza magotini, anaipangusa.

"Unafanya nini?"

"Imekula vumbi, kungoja kote huko," akasema bila kuinua kichwa. "Wakiirusha hivi haitafunguka."

Akapaka poda. Akaikunja kwa ajili yao. Dereva akapiga honi, akapiga tena, yeye bado anakunja. Alipomaliza akairudisha ndani mwenyewe, akafunga, akapanda gari.

Kesho yake mgeni rasmi alikuja mapema. Mapema kabisa, kabla hata wachezaji hawajavaa, kwa sababu ndege yake ilikuwa ya asubuhi. Kumbe anajua kuamka. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia. Wanawake walikuwa mbali. Mimi nikaingiza ufunguo, nikaugeuza, sikuwa na sababu ya kukataa. Msichana mwingine alibonyeza, mtoto mzuri, yeye hana kosa. Ikaruka. Nisikufiche, ilikuwa nzuri mpaka mwili ukasisimka: wima, moshi mweupe, halafu kimya, halafu juu kabisa kitu chekundu kikafunguka, kikabaki kinaning'inia hewani. Watu walilia. Hata mimi nililia, lakini si kwa hiyo.

Wakapiga picha. Wanne wakaenda Nairobi. Picha hiyo iko kwenye korido ya chuo mpaka leo, imewekwa kioo. Na mimi muhula uliofuata nikaambiwa nafasi yangu imeunganishwa na nyingine. Mzee Lokol alikuwa amekwisha kufa, Mungu amlaze, la sivyo angewauliza wanataka kuharakisha nini tena.

Utaniuliza kama najuta. Kukataa sijuti. Nirudishwe pale kwenye uwanda leo, na upepo ule ule, na msichana yule yule mbele yangu, nitasema hapana. Lakini usifikiri ukifanya haki utalala vizuri. Mimi naenda misa kila Jumapili, napokea komunyo, na nikipiga magoti neno langu ni moja: Bwana, nilikutunzia wale watoto wa kisimani. Huyu mmoja ulimwachia nani? Bado sijajibiwa. Naendelea kuuliza. Imani nayo ni kazi ya kungoja, lakini huyo ninayemngoja mimi hayuko hotelini anakunywa chai.

Juzi juzi nilipeleka yunifomu Kakuma, nikamtafuta. Yuko na kimeza kidogo kati ya maduka ya kambini, anatengeneza simu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Akanipa kiti. Akaniita Mama, vile vile. Akaendelea kufungua simu ya mtu na bisibisi ndogo, mimi nakaa tu, nasikia Kisomali huku na Kiarabu cha Juba kule.

Halafu akauliza, macho bado kwenye simu, "Mama, ile parachuti ilifunguka?"

Wakati huo wote. Chuo kizima, simu zote hizo, na mimi mwenyewe nimo, hakuna mtu aliyemwambia.

"Ilifunguka," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Haikusokotana hata kidogo."

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Akachukua skrubu kwenye kifuniko cha chupa, akarudi kwa kazi yake.

Ndiyo maana nimekuita, rafiki yangu. Wewe utapita kwenye ile korido. Utaona ile picha, utaona mgeni katikati na wanne kando, na roketi nyuma yao. Mtu akisimama karibu nawe akiangalia, mwambie. Ukifika karakana nyingine, Lokori, Nairobi, popote Mungu atakupeleka, waambie na huko. Usianze na mgeni, wala usianze na mimi na ufunguo wangu. Anza hivi: parachuti ilikunjwa na Ayen wa Kakuma, na ilifunguka yote.